Waliita Mara Mbili

Mama mkwe wangu alikuwa na kipaji cha kuugua siku ya shughuli yangu. Nilipohitimu chuo cha ualimu, aliteleza zizini asubuhi ile ile, mume wangu akakosa sherehe. Siku ya ubatizo wa kifungua mimba wetu, presha ilimpanda. Tulipomzika baba yangu, tumbo lilimkata, na mume wangu aliondoka kaburini kabla jeneza halijafunikwa. Aliambiwa tu, "Mama anakuita," akaenda. Sisemi haya ili nimtete marehemu. Nasema ili ieleweke moyo wangu ulivyokuwa umejaa siku tuliyosafiri.

Mimi ni Mkisii na mume wangu ni Mkipsigis. Tulijuana Sotik, ambako watu wa pande zote mbili hukutana sokoni, na lugha yetu ya nyumbani imekuwa Kiswahili tangu siku hiyo. Mama yake hakunikubali. Kwa miaka karibu thelathini alizungumza nami kupitia watu wengine. "Mwambieni mwalimu chai imepoa," angesema, na mimi nimesimama mbele yake na birika mkononi. Nilizoea. Yaani nilidhani nimezoea.

Mume wangu alifanya kazi katika kiwanda cha majani chai, kwenye chumba cha kunyaushia majani, mpaka akawa msimamizi wake. Alipostaafu, meneja alimwuliza angependa nini, saa ya ukutani au safari ya watu wawili. Mimi nilijibu kabla yake. Tukapewa siku tano Zanzibar, na tiketi za ndege tatu: Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi Mombasa, Mombasa hadi kisiwani. Hatukuwa tumewahi kupanda hata moja.

Fomu za pasipoti nilizijaza mimi, kwa herufi kubwa, na hapo ndipo nilipoliandika kwa mara ya kwanza jina lake la utotoni. Kwao mtoto hupewa jina kufuatana na saa aliyozaliwa au hali ilivyokuwa siku hiyo. Akitoka jandoni huliacha, akaitwa kwa jina la babake, na kumwita tena lile la kitoto ni kumvunjia heshima. Kazini na kanisani walimjua kwa jina la babake. Mimi nilimwita Mzee. La utotoni lilikuwa limebaki kwenye cheti cha shule, kwenye kitambulisho, na mdomoni mwa mama yake, ambaye hakuna aliyethubutu kumkosoa.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Barabara zilikatika, na malaria, ambayo sisi wa mlimani tuliijua kama ugonjwa wa watu wa kule chini Fort Ternan kwenye miwa, ikapanda ikatufikia. Wiki moja kabla ya safari ikamshika mama mkwe. Alilazwa katika hospitali ya misheni, wodi imejaa hadi wagonjwa wawili kitanda kimoja. Mume wangu akarudi kutoka kumwona, akaketi bila kuvua koti.

"Mwalimu, wacha hii safari. Ama uende na dada yako."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimhesabia kila sherehe. Nilimwambia mama yake atapona tukishaiacha tu safari na kushuka kwenye gari, kama kawaida. Mwishowe tukapatana. Mdogo wake, karani wa kiwanda, angebaki na karatasi yenye saa za ndege zetu na viwanja vyote tutakavyopita. Mgonjwa akizidiwa, angepiga simu uwanjani, na mume wangu angegeuka pale pale, popote tulipofika. Kwao mzaliwa wa kwanza ndiye hupokea maneno ya mwisho ya mzazi. Asipokuwepo, hapewi mwingine. "Wakiniita narudi," alisema. "Hiyo tusikizane." Nikakubali, tena mbele ya mdogo wake.

Tuliondoka alfajiri. Kabla hata ya kuiacha milima, lori la majani chai lilikuwa limezama katikati ya barabara, tukashuka na kupita kando kwa miguu, viatu mkononi, begi kichwani mwangu, tukatafuta gari jingine upande wa pili. Tulifika Kisumu mbio, matope hadi magotini, tukaambiwa ndege yenyewe haijatoka Nairobi kwa sababu ya ukungu. Tukakaa saa mbili na nusu. Mume wangu aliangalia saa ya ukutani, kisha tiketi, kisha saa.

Nairobi tulishuka tukikimbia, na bado ndege ya Mombasa ilikuwa imeshaondoka. Msichana wa kaunta hakuinua hata macho.

"Ya saa nane imejaa. Nitawaweka waitlist. Mtu asipotokea, mnaingia."

"Na ya Zanzibar itatungoja?" nikamwuliza.

"Hiyo siwezi jua, mum. Kwanza mfike Mombasa."

Tukaambiwa twende kaunta nyingine kuhusu begi, na ile kaunta ikatuambia turudi kwa ya kwanza. Tulizunguka hivyo hadi miguu ikavimba. Mwishowe tukakaa kwenye viti vya plastiki, nikanunua chai kikombe kimoja tugawane. Ilikuwa chai mbaya. Mume wangu aliinusa, akasema ni vumbi la mwisho la kiwandani, akanirudishia.

Hapo ndipo kipaza sauti kilipoita. Kilianza kwa Kiingereza, kikarudia kwa Kiswahili: abiria fulani, aliyetoka Kisumu, afike dawati la maulizo, kuna ujumbe wake. Lilikuwa jina lake la ubatizo, ambalo wanaume nusu ya wilaya yetu wanalo, likifuatwa na lile la utotoni.

Nilimtazama. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, akiangalia ndege zinavyosukumwa kama mikokoteni. Hakugeuka. Nikajiambia hajalitambua, maana kwake si jina lake tena. Nikajiambia labda ni mambo ya begi. Nilijua si begi. Kikaita mara ya pili, polepole zaidi, na mimi nikakunywa ile chai mbaya hadi chini. Nilichohisi ni hasira, sio huruma. Nilisema moyoni, leo hapana, mama. Leo huyu ni wangu.

"Twende tuangalie kama wametuweka kwa list," nikamwambia, nikamshika mkono, tukaenda upande wa mbali wa jengo. Njiani tulipita chini ya ubao wa safari, nikaona iko ndege ya kurudi Kisumu saa tisa. Saa nane kasoro tukapewa viti viwili, vya nyuma kabisa.

Mombasa joto lilitupiga kama mlango wa tanuri. Begi letu halikufika. Mume wangu alienda peke yake kwenye dawati, nami nikamfuata kwa nyuma nikamsikia akiuliza kama kuna ujumbe. Alitoa jina la babake. Karani akapitisha kidole kwenye daftari, akasema hakuna. Ningeweza kusema neno moja tu. Tukapanda ndege ndogo ya mwisho ya jioni, na ilipopaa nililia kwa furaha, mimi mtu mzima.

Kesho yake asubuhi alikunja suruali, akaingia baharini hadi magotini, akacheka. Sikumbuki kumsikia akicheka vile katika ndoa yetu yote. Siku nzima tulitembea. Alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu mwanamume hafanyi. Nikajisifu kwamba nimefanya vyema.

Simu ilikuja hotelini asubuhi ya siku iliyofuata. Mama alikuwa amefariki siku ile ile tuliyosafiri, jua likizama.

Kurudi kulikuwa kwa ndege zile zile kinyumenyume, na safari hii hakuna iliyochelewa. Mdogo wake alitungoja nyumbani, macho mekundu.

"Nilipiga Nairobi mapema sana," alisema. "Nikashika line. Wakaniambia wameita mara mbili na hakuna mtu ametokea."

"Sikusikia," mume wangu akasema.

Dada yake alitueleza kwamba mama alikuwa akimwita tangu asubuhi, kwa lile jina lake. Kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa. Kuelekea jioni aliacha kuita, akageukia ukuta. Wakamwomba awaambie wao alichotaka kusema, akakataa. Tulimzika katika mvua, wanaume wakichota maji kaburini kwa ndoo. Hakuna aliyenilaumu. Shangazi mmoja hata alinikumbatia, akasema tulijaribu, barabara ndizo mbaya.

Nilikaa na jambo hilo karibu miaka miwili. Nilipika, nilifundisha, niliimba kwaya, na kila nilipomwona ameinama juu ya chakula chake nilijiambia, nitamwambia leo. Aliongea kidogo, akala kidogo. Watu walisema ni kustaafu. Mimi nilijua nimemfanyia nini.

Asubuhi moja tulikuwa tunachuma majani kwenye kipande chetu, yeye mstari huu, mimi ule, vikapu mgongoni. Nikamwambia bila kusimama, kwa sababu ningesimama ningeshindwa.

"Mzee, ile siku Nairobi walikuita. Mimi nilisikia. Nikanyamaza."

Mikono yake iliendelea, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Akajaza viganja, akatupa kikapuni.

"Hata mimi nilisikia," akasema.

Nilidhani ananihurumia. Nikamwuliza kwa nini basi hakuinuka.

"Nilikuwa nimechoka na yeye. Kama wewe tu." Akasogea hadi kichaka kingine. "Hilo jina, mtu hawezi kukosa kulisikia. Nikaangalia dirisha, nikangoja wewe useme. Ungesema, ningerudi."

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Bomet na mstari wa mume wangu ulikuwa bado mrefu. Akaniambia nifanye haraka, gari la majani linapita saa tano.