Nilivyofufua mashine ya gemu za sarafu hapa Gungu, Kigoma, na mzee aliyenizuia nisiiharibu

Wakuu, salaam kwenu.

Humu ndani mimi ni wa kusoma na kuondoka kimya kimya. Leo nimeona na mimi niache kitu. Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa, na mashine yenyewe iko sebuleni kwangu, naiona kutoka hapa nilipokaa.

Kwanza mnijue kidogo. Ni fundi wa friji na friza. Wanawake wanaouza samaki pale Kibirizi wengi ni wateja wangu. Kwa hiyo umeme naujua, ila TV siijui. Shikeni hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mjomba wangu Shabani anakaa Ujiji. Miaka ya tisini alikuwa na chumba cha gemu karibu na soko.

Vijana wa humu mkisikia gemu mnawaza PlayStation. Siyo hiyo. Nazungumzia lile kabati refu kama la nguo, ndani lina kioo cha TV, mbele kuna kijiti cha kuongozea na vitufe. Unatumbukiza sarafu, unacheza umesimama. Mjomba alinunua mawili kwa mfanyabiashara aliyeyavusha na boti kutoka upande wa Bujumbura. Moja lilikufa likafanywa spea. La pili lilifanya kazi mpaka PlayStation zilipoingia mjini na wateja wakahama wote ndani ya msimu mmoja.

Akalisukumia stoo. Miaka yote hiyo lilikuwa limebeba nyavu juu yake.

Mwaka huu akaamua stoo aigeuze chumba cha kupangisha. Akanipigia simu.

"Njoo uchukue hili kabati. Ukichelewa napasua kuni."

Nilienda na guta la mizigo siku hiyo hiyo.

Hali yake, wakuu, ilikuwa mbaya. Mchwa walikuwa wamekula sehemu yote ya chini. Nyuma panya walishazaa na kujukuu. Lilikuwa linanuka dagaa utadhani limevuliwa. Lakini kioo kilikuwa kizima, na bodi ya gemu ilikuwa bado imefungwa mahali pake.

Tulipolishusha nyumbani, mke wangu alilizunguka mara moja, akauliza, "Hili linakaa hapa mpaka lini?"

Nikamwambia wiki mbili.

Lilikaa miezi mitano likiwa limefumuliwa.

Kazi ya mbao haikunisumbua. Nilikata sehemu yote iliyooza, nikaweka kitako kipya cha mninga, nikapiga dawa ya wadudu, nikalianika uani siku kadhaa harufu ipungue. Vitufe nilivifungua kimoja kimoja nikavisafisha kwa petroli na mswaki. Hapo nilikuwa najiona fundi kweli kweli.

Nilipofika kwenye upande wa screen nikakwama. Nilijua tu kwamba TV za kioo kinene zina umeme mkubwa sana kwa nyuma na zimeshaua watu. Sikuwa tayari kujifunzia kwenye mwili wangu.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mzee Gwimo.

Wa Gungu wa umri wangu wanamjua. Alitengeneza TV na redio za mtaa huu kwa miaka mingi. TV hizi bapa zilipokuja kazi ikapungua, halafu mwaka jana akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Mguu ukarudi kiasi, akawa anatembea na mkongojo. Kuongea alikuwa anaongea, ila maneno yalikuwa yanampotea njiani.

Nilienda kwake nikiwa na swali moja tu. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama ukuta. Nikaeleza habari za mashine. Macho hayakutoka ukutani.

Nilipotoka, mke wake, Mama Yustina, akanisindikiza mpaka njiani.

"Mchukue tu," akaniambia. "Hata kama hatasema neno. Humu ndani anatazama ukuta tangu asubuhi. Chakula namlazimisha. Vifaa vyake vyote alishanifungisha kwenye sanduku, anasema nimtafutie mtu wa kumpa."

Jumamosi iliyofuata nikamfuata na bajaji. Nikamweka kwenye kiti uani, mashine mbele yake, nyuma yake nimeifungua.

Alikaa kama dakika kumi anaangalia. Kisha akanyoosha mkongojo, akagusa transfoma iliyokuwa chini.

"Hiyo... usiiruke," akasema. "Screen hii ukiichomeka ukutani moja kwa moja, bati lote hilo ni umeme."

Nilikuwa nimeshapanga kuiruka, wakuu. Niliiona imeshika kutu nikasema nitaitupa.

Kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumamosi na Jumapili baada ya misa. Yeye anaelekeza kwa mkongojo, mimi nafanya. Tulianza na pawa saplai. Kapasita zilikuwa zimevimba, tukabadilisha. Tukawasha.

Mlio wa gemu ukatoka. Muziki kabisa. Lakini kwenye screen ukaja mstari mmoja mweupe, umelala katikati, basi.

Nikazima, nikachomoa waya, nikapeleka mkono ndani kuangalia nini kimelegea. Mkongojo ukanitua kwenye kifundo cha mkono, na haukuwa wa utani.

"Kioo kinatunza umeme hata ukizima," akasema. "Unataka nimwambie nini mkeo?"

Akanielekeza namna ya kuutoa ule umeme kwanza, kwa bisibisi ndefu iliyofungwa waya wa kwenda kwenye bati. Ulilia tak, nikajua nilikuwa nakwenda wapi.

Kuhusu ule mstari, hakuhitaji hata kufikiri. Kuna sehemu inayoinyoosha picha juu na chini. Risasi zake za kuchomelea huwa zinapasuka kwa joto, mpasuko mwembamba kama unywele. Dawa yake ni kuchomea upya. Akanyooshea mkongojo kidude cheusi chenye miguu mingi, akaniambia, "Ile aisii kubwa yenye bati. Mguu wa tatu."

Nikageuza bodi, nikahesabu, nikachomea mguu wa tatu. Tukawasha. Mstari.

Nikachomea tena. Mstari.

Wiki iliyofuata akarudia, mguu wa tatu. Nikamwambia mzee, nimeshachomea. Akatikisa kichwa, akajaribu kueleza kitu, maneno yakakataa kutoka, akapiga mkongojo chini kwa hasira. Wikiendi tatu tulikaa kwenye mguu huo huo.

Hapa nitasema ukweli ulioniaibisha. Nilianza kufikiri kwamba mzee ameshachanganyikiwa. Kwamba ugonjwa umemla kumbukumbu na sasa anashikilia neno moja tu. Sikumwambia. Niliendelea kumwitikia, "Sawa mzee," huku moyoni nimeshamaliza.

Nikaingia mtandaoni, nikaagiza kutoka Dar screen bapa na bodi ya kisasa yenye gemu mia kadhaa. Mpango wangu ulikuwa kung'oa vya zamani vyote na kubakiza kabati tu. Watu wengi wanafanya hivyo na siwalaumu, ni njia rahisi na inafanya kazi.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia. Mzigo ukafika Ijumaa. Jumamosi nikamleta Mzee kama kawaida, na boksi nilikuwa nimeliacha barazani lenye picha ya screen ubavuni.

Akaliangalia. Akaniangalia mimi.

"Kumbe nilikuwa naletwa hapa kupunga upepo," akasema.

Akaomba arudishwe nyumbani. Kwenye bajaji aliangalia nje mpaka tunafika.

Ile Jumapili hakuja. Niliifungua ile screen bapa, nikaipimisha kwenye nafasi yake, inaingia vizuri. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Kazi ya saa mbili ningekuwa nimemaliza. Nikaishia kukaa pale kwenye kiti chake.

Siku ya pili asubuhi nikaenda kwao.

"Mwakeye," nikamsalimia kwa Kiha chake, mimi ambaye Kiha changu ni cha kuombea maji. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Nikamwambia wazi kwamba nilimdharau, kwamba niliona ugonjwa badala ya kumwona yeye, na kwamba naomba arudi.

Akausogeza mkongojo pembeni. Kisha akasema, "Nitarudi. Lakini safari hii nachomea mimi."

Nikauangalia mkono wa kulia umelala pajani. Akaona nilichoangalia.

"Nina mwingine," akasema.

Mama Yustina akaenda kutoa sanduku chini ya kitanda bila kuambiwa.

Wakuu, bodi ile ya screen ni moja. Ukiiunguza hakuna duka la kwenda, si Kigoma, si Dar. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka, haujawahi kushika pasi ya risasi maisha yake yote. Nililala na hilo jambo siku kadhaa. Mwisho nikaona kwamba nikikataa, nitabaki na bodi yangu salama, na yeye atakuwa na ukuta wake.

Kwanza alijifunzia kwenye bodi za redio mbovu. Kila siku, nyumbani kwake, kwa wiki mbili. Mama Yustina anashika waya wa risasi, yeye anashika pasi. Siku za mwanzo ilikuwa ni matone tu yanaanguka mezani. Nikipita namkuta anajisemea taratibu, "Buhoro, buhoro," yaani polepole, kama anaongea na ng'ombe.

Ilipofika siku yenyewe nikampa bodi. Akaiweka kifudifudi, akaisogeza mwangani, akapeleka ncha ya pasi kwenye mguu mmoja ambao mimi sikuwahi kuugusa.

"Mzee, hapo siyo," nikamwambia. "Wa tatu ni huu."

"Umehesabu ukiwa upande gani?"

Hapo ndipo nikaelewa. Yeye alikuwa anahesabu bodi ikiwa imesimama, uso juu. Mimi nilikuwa naigeuza kwanza ndipo nahesabu, kwa hiyo wa kwanza wangu alikuwa wa mwisho wake. Wikiendi tatu mzee alikuwa sahihi, na hicho ndicho alichokuwa anajaribu kuniambia maneno yakampotea.

Nikachukua lensi nikaangalia. Mpasuko ulikuwepo, mduara mwembamba kabisa kuzunguka mguu.

Akachomea. Mkono ulitetemeka, pasi ikakaa sekunde nyingi kuliko inavyotakiwa, na kipande cha njia ya shaba kikabanduka. Nilikiona kinanyanyuka. Yeye pia alikiona. Hakutukana, hakuweka pasi chini. Akaniambia, "Nikatie kiwaya kidogo." Tukaunganisha kwa kiwaya pale palipobanduka. Kinaonekana mpaka leo, ni kibaya, na ukinipa pesa nikitoe sikitoi.

Tukarudisha kila kitu. Nikawasha.

Kioo kile hakiwaki mara moja. Kinaanza kupata joto. Tukasubiri, mimi nimesimama, yeye amekaa, mke wangu mlangoni na kitenge begani. Halafu picha ikaja, imenyooka juu mpaka chini, ile ndege ndogo ya kijani unayoiongoza kupiga maadui, iko chini kabisa na nyota zinashuka. Rangi nyekundu ilikuwa imezidi kidogo. Mpaka sasa imezidi.

Mzee alijifuta uso kwa mkono wa kushoto, ule ule wenye alama za kuungua na pasi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Kwenye mashine hizi kijiti kiko kushoto, vitufe viko kulia. Mzee akasogezwa, akashika kijiti, ndege ikaanza kwenda huku na huku bila shida. Kupiga risasi ndiyo hawezi, mkono wa kulia haupo.

Mama Yustina alikuwa amekuja kumchukua. Amesimama pembeni na mkoba wake wa kanisani.

"Njoo ubonyeze hapo," Mzee akamwambia.

"Mimi sijui vitu hivi."

"Ukiona adui, bonyeza."

Akaweka mkoba chini, akaja. Wakasimama wamebanana mbele ya kabati, huyu anaongoza, huyu anapiga, na ugomvi ukaanza papo hapo.

"Piga sasa."

"Nimepiga, wewe ndiye umetupeleka pabaya."

"Umechelewa."

"Gwimo, usinifokee, mimi ndiye mwenye bunduki."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya mwisho kumsikia Mzee akibishana na mtu, Mama Yustina aliniambia baadaye, ilikuwa kabla ya kuugua. Sasa wanakuja kila Jumapili mchana. Ndani ya nyumba yao bado maneno yanampotea, lakini akishika kijiti hayampotei hata moja.

Nilichojifunza ni kidogo, na kinanihusu mimi zaidi ya mashine. Kwa wenye mpango wa kutengeneza: msiguse nyuma ya kioo bila mtu anayejua, msitupe transfoma, na kabla ya kung'oa kitu cha zamani hakikisheni kweli kimekufa. Na mtu akirudia neno lile lile mara tatu, usikimbilie kusema amechanganyikiwa. Angalia na wewe umesimama upande gani.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kucheza mashine hizi Mwanza, Tabora, Dar, popote, tupeni kumbukumbu. Mwenye ujuzi wa kurudisha michoro ya ubavuni mwa kabati bila kuifuta anisaidie, nimebaki na hiyo tu.

Na wenye TV za kioo zilizokufa, wekeni maswali hapa. Nitamsomea Mzee na kuandika atakachosema. Ila mtavumilia, anajibu polepole.