Dua Iliyotoka Kinyume

Mwishehe, Mungu amrehemu, alikuwa mchonga milango wa Bagamoyo. Milango ilipokosekana, alimchongea Chandulal, muuza nguo, vibao vya kupigia chapa ya maua kwenye shuka za marekani, kile kitambaa cha pamba.

Mwaka ule ndui ilipoingia mjini, binti yake Mina akashikwa nayo, akalala kitandani. Sheikh Alawi alikuwa akiandika kombe mchana kutwa: aya kwa zafarani, huoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Lakini watu walijaa barazani kwake, na mwandishi ni yeye peke yake.

Basi Mwishehe akachonga kibao cha dua ya Nabii Ayubu, ile ya aliyeguswa na dhara akamlilia Mola wake. Kila alipopiga patasi alimfikiria Ayubu, aliyezika watoto wake. Pembeni, badala ya maua, akazungusha miiba. Akapaka zafarani, akapiga chapa karatasi za kutosha mtaa mzima, akazigawa bure mbiombio, hata bila kuzisoma. Mkewe Mwanaharusi akaosha ya kwanza kwenye bakuli, akamnywesha Mina.

Alasiri akaja jirani yao Kombo, kashika karatasi kwa ncha za vidole.

"Fundi, hii ya kuponyea au ya kulogea?"

"Maneno gani hayo, Kombo?"

"Tazama mwenyewe. Aya inaanzia kushoto! Herufi zote zimekupa mgongo. Wanaosoma aya kinyume hivi ni wachawi, tunawajua."

Mwishehe akatazama, akaiweka karatasi kando ya kibao. Aya za milangoni husomeka vilevile zilivyochongwa, na ua la Chandulal hata likigeuka hubaki ua. Hakuwahi kufikiri kwamba neno likigeuzwa na chapa halibaki neno.

Mtaa mzima ukazitupa karatasi zake. Mwanaharusi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba Mina, mwanangu nimemnywesha nini?"

Mwishehe akakaa kuchonga kibao kingine, safari hii herufi kinyume ili zitoke sawa. Hajafika neno la mwisho, Mina akakata roho.

Baada ya maziko Mwishehe alimfuata Sheikh Alawi.

"Sheikh, dua yangu ilifika?"

"Mungu anajua ulichonuia, fundi."

"Nia yangu naijua. Nauliza alichokunywa mtoto."

Sheikh akamshika mkono. "Alikunywa maji kutoka kwa mama yake. Ubaya hakuunywa."

Mwishehe akarudi mbio kumwambia mkewe. Mwanaharusi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sheikh hakushika lile bakuli. Nililishika mimi."

Mwishehe akakaa kizingitini. Alitaka kumwambia kwamba kosa lilikuwa la patasi yake, wala si la mkono uliomnywesha mtoto. Waliishi pamoja hadi uzee, wakila sinia moja, na neno hilo hakupata kulitamka. Siku alipojikaza kulisema, Mwanaharusi alikuwa amekwisha kuvishwa sanda.