Vibati Mia Mbili na Kumi na Tatu

Ofisini, idara ya mambo ya kale, walimwita Bi Takataka, naye aliitika bila kinyongo. Wenzake wa vyumba vya mbele walishughulika na vigae na mifupa ya kale, vitu vya kupigwa picha na kuwekwa kwenye kabati la kioo. Yeye alipewa vya juzijuzi: chupa, vifungo, betri, miswaki, vijiko, soli za viatu, kila kilichotoka kiwandani au karakanani kikaishia udongoni. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, ukuta mmoja na choo. Ndani mlikuwa na meza mbili, beseni tatu, taa ya kuinamisha shingo, na daftari la jalada gumu ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Ungeligusa ungekiona cha mtema kuni.

Haya, mcheke basi, halafu mpe chupa uone. Ataanza na kitako. Atakigeuza kwenye taa, apitishe ukucha kwenye mshono wa kioo kuanzia chini kwenda juu. Mshono ukiishia shingoni, anajua mdomo ulimaliziwa kwa mkono wa mtu. Ukipanda mpaka mdomoni, anajua mashine ilifanya yote. Kisha atakwambia umri wake, na kama ilikuwa ya dawa, ya wino au ya mafuta ya nywele. Alijifunza mwenyewe, kwa kuuliza wazee wenye maduka na kusumbua mafundi wa kila aina, mpaka wengine wakimwona kwa mbali wanajifanya wamelala.

Na miaka kumi na tisa ya kazi hiyo haikumzoesha. Hapo ndipo wenzake waliposhindwa kumwelewa. Siku moja alitoka mbio kwenye korido na mswaki uliooza nusu, anawaonyesha kila mtu. "Tazameni! Nyuzi zimelika upande mmoja. Mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Amekufa, jina lake limepotea, nyumba yake haipo, lakini mkono wake huu hapa!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akarudi chumbani, akaketi, akauandika mswaki ule daftarini huku anatabasamu peke yake.

Mume wake, fundi bomba, alikuwa na utani wake wa kila jioni. "Enhe, mke wangu, leo umefukua nini cha watu?" Naye alimsimulia, na mzee wa watu alisikiliza mpaka mwisho, maana hata yeye alikuwa amewahi kukuta pete ndani ya bomba na hakulala vizuri siku mbili.

Sasa, jambo lenyewe lilianza Jumatatu, kwenye kiwanja kilichokuwa kinachimbwa msingi wa soko jipya. Tingatinga lilikata ukingo wa shimo la zamani, zikamwagika chupa. Sheria ilitaka kazi isimame mpaka vitu viandikwe, lakini mkandarasi alikuwa hana subira. Walikubaliana mpaka Ijumaa saa sita mchana, baada ya hapo zege linamwagwa. Bi Takataka akabeba chekeche, beseni na daftari lake, akahamia kiwanjani.

Chupa zenyewe hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni vibati. Vilikuwa vya shaba, vimeota ukijani, kila kimoja kikubwa kama ukucha wa dole gumba, na tundu moja la kupitishia uzi. Kila kimoja kilikuwa na namba iliyogongwa kwa msumari, nukta kwa nukta. Alianza na vitano. Jioni ya Jumatatu vilikuwa thelathini. Jumatano vilikuwa mia mbili na ushee, na hakuna namba iliyojirudia hata mara moja.

Mkuu wa kitengo alikuja na karatasi zake mkononi. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yaishe. "Hapa palikuwa na mnada wa ng'ombe," akasema. "Na kabla ya mnada, kambi ya wapasua mawe. Andika ni vya mifugo, tufunge."

"Na kama ni vya kambi?"

"Wanaume tu ndio walioishi kambini, kampuni yenyewe iliandika. Mwanaume wa kuvunja mwamba avae kidude hiki wapi? Andika mifugo, mama."

Bi Takataka alishika kalamu. Daftari lake lilikuwa na safu nne: kitu ni nini, kimepatikana wapi, kimetengenezwa na nini, na kilikuwa cha kazi gani. Safu tatu zilikuwa zimejaa. Ya nne ilimgomea. Kwa sababu alikuwa amepitisha kidole kwenye ukingo wa kibati kimoja, halafu cha pili, halafu cha ishirini, na vyote vilikuwa vimesuguliwa kwa tupa mpaka vikawa laini kabisa. Mtu alikaa chini akasugua vyote hivyo, kimoja kimoja, ili visikwaruze. Ng'ombe ana ngozi ya kutengenezea viatu. Ni nani huyo mwenye huruma kiasi hicho na ng'ombe?

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

Alhamisi mchana alipomaliza kuchekecha alikuwa na vibati mia mbili na kumi na tatu. Namba ya juu kabisa ilikuwa mia mbili thelathini na moja. Kwa hiyo kumi na nane vilikosekana, na hilo lilimnyima raha. Mtu wa kawaida angesema kumi na nane si kitu. Bi Takataka aliurudia udongo wote, lundo baada ya lundo, mgongo ukimuuma, akipekua hadi mizizi ya nyasi. Hakupata hata kimoja. Akaziandika namba zilizokosekana kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, akafunga, akakasirika. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, alidhani amevipoteza kwa uzembe wake.

Alikuwa na desturi yake akikwama: aliweka meza nje ya uzio, akaweka vitu viwili vitatu juu yake, akawauliza wapita njia. Hakuwaambia anachodhani, maana watu ni wapole, ukiwaambia unachotaka kusikia watakupa hichohicho. Ijumaa asubuhi akaweka vibati vitatu. Mmoja akasema ni vya funguo. Mwingine akasema ni vya mbwa. Wa tatu akauliza kama vinauzwa.

Saa nne wakaja wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa bibi mwembamba mwenye fimbo, anatembea haraka kuliko umri wake. Wa pili, binti yake, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo za ofisini, alikuwa anamkimbilia nyuma.

"Shikamoo, Bibi," alisema Bi Takataka.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mmefukua vibati vyangu."

Binti akamvuta Bi Takataka pembeni, akanong'ona, na uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Dada, nisamehe. Mama alikuwa mkunga, lakini siku hizi kichwa hakimkai. Anasema alizalisha watu hapa, kwenye hospitali ya kambi. Nimeuliza kila ofisi. Hospitali haikuwepo, wala wanawake hawakuwepo. Leo saa nane nampeleka kwa daktari wa akili. Mwambie tu ni vya ng'ombe wa ule mnada wa zamani, akisikia kwa mtu wa serikali labda ataliacha."

Bi Takataka akamtazama yule bibi. Bibi alikuwa ameinamia meza, hajavigusa vibati, ameweka mikono nyuma kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Akajua kwamba safu ile ya nne, atakavyoiandika kabla ya saa sita, ndivyo huyu mama atakavyohesabiwa mpaka kufa kwake: mkunga, au kichaa.

"Bibi," akasema, "hivi vilikuwa vya kazi gani?"

"Vya mguuni. Mtoto akizaliwa namfunga namba yake kwa uzi wa rangi, na mama yake namfunga uzi wa rangi hiyohiyo. Vitanda vilikuwa vinne na mabanzi ya ukuta yanaingiza upepo. Wanawake waliwafuata waume zao, kampuni ikajifanya haiwaoni. Ningewachanganyaje watoto wa watu? Fundi wa karakana alinikatia shaba. Kusugua kwa tupa nilisugua mwenyewe."

"Na mbona viko shimoni?"

"Mtoto akienda kwao mzima, nafungua, natupa humo. Namba yake imeisha kazi, asipewe mwingine. Sikutaka kuirudia hata moja."

Mkuu wa kitengo alikuwa amefika, amesimama na saa yake ya mkononi. Akakohoa. "Bibi, hadithi nzuri. Lakini karatasi..."

"Karatasi zako zilipika uji wa wazazi?" bibi akamkata.

Bi Takataka alikuwa hasikii. Alikuwa anazifikiria zile namba kumi na nane. Akauliza taratibu, na sauti haikuwa yake, "Na wale ambao hawakwenda kwao wazima?"

Bibi akavuta pumzi. "Hao niliwazika navyo. Upande ule wa mwamba. Wasingeenda bila kitu cha kuwatambulisha."

"Unawakumbuka?"

"Wale waliokwenda kwao wamenitoka, mwanangu. Nikikutana nao njiani siwajui. Lakini wale..." Akaegemeza fimbo kwenye meza. "Saba. Kumi na tisa na ishirini, mapacha, waliondoka asubuhi moja. Thelathini na nne. Arobaini na moja, mama yake alikuwa anaimba vizuri. Hamsini na tano."

Bi Takataka alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho, daftari limemwelekea yeye peke yake. Penseli yake ilitia alama kwenye saba. Ikatia kumi na tisa, ikatia ishirini. Thelathini na nne. Arobaini na moja. Hamsini na tano. Bibi hakuharakisha wala hakukwama, alizitaja kama mtu anayewaita watoto waje kula, na kila alipotaja, penseli ilishuka kwenye namba iliyofuata. Salaale! Udongo wote ule aliorudia kuchekecha, na kumbe hakupoteza kitu. Mkuu wa kitengo alisogea, akachungulia begani kwake, akaona, akaivua kofia polepole na asijue pa kuiweka.

"Mia mbili na nne. Mia mbili kumi na nane," bibi akamaliza. "Basi. Hao kumi na saba."

Bi Takataka akatazama daftari. Alikuwa na kumi na nane. Namba moja ilikuwa bado haina alama, naye alitamani sana kuitaja, ila alijua hapaswi.

"Bibi yangu," akasema, "mimi imenibaki moja."

Binti akashusha pumzi. "Si nilisema? Anachanganya. Mama, twende, tutachelewa."

"Mia moja sitini na mbili," bibi akasema.

Bi Takataka akakaa, kiti kilikuwa karibu, bahati yake. "Ndiyo. Ndiyo hiyo, Bibi. Huyo alikufa lini?"

"Kafa nani? Nani kakwambia kafa?" Bibi akaingiza mkono kwenye kipochi chake, akatoa shada la funguo. Katikati ya funguo kilining'inia kibati kidogo cha shaba, hakina ukijani, kinang'aa manjano kwa kushikwashikwa miaka yote hiyo. "Nimesema nilitupa mtoto akienda kwao. Huyu angeenda wapi? Kwao palikuwa hapohapo, chumba cha pili. Kila siku nilisema nitakitupa, nikashindwa."

Binti yake akakipokea. Funguo zile alizijua, alikuwa amezitumia tangu utotoni kufungulia mlango, na siku zote alidhani ile ni namba ya kabati. Akakigeuza. Akapitisha kidole kwenye ukingo, ukingo laini usiokwaruza, na midomo ikaanza kumcheza. Mwanamke mzima, meneja wa watu.

Mkuu wa kitengo akaenda pembeni kupiga simu. Walimsikia akimwambia mtu kwamba zege lisubiri, na kwamba taarifa imebadilika, na hapana, hawezi kueleza kwa simu. Bi Takataka akafungua kalamu ya wino. Kwenye safu ya nne, mstari kwa mstari, alianza kuandika kwa herufi zake kubwa: cha mguu wa mtoto mchanga. Machozi yalidondokea mstari wa tatu, akauacha hivyohivyo.

"Mama," binti akasema. "Miaka yote umekuwa ukinieleza, mimi nakukatiza. Nieleze sasa. Tangu mwanzo."

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, hana haraka. Akaonyesha udongo kwa fimbo.

"Kaa basi. Ulikuja umetanguliza miguu, na mkunga wa kukupokea hakuwepo, mkunga nilikuwa mimi."