Usingizi wa Fundi Cheche

"Jamani, sogeeni, sogeeni, mwenzetu amejifungua!"

Aliyesema hivyo alikuwa Mama Pacha, na akina mama wote chumbani waliangua kicheko. Fundi Cheche alisimama mlangoni akiwa amevaa gauni la hospitali lisilomtosha mabegani, asijue aingie au arudi alikotoka. Kile kilikuwa chumba cha akina mama waliojifungua kabla ya wakati. Katika kila kitanda alikaa mwanamke mmoja aliyejiinamia, na kifuani kwake, chini ya kitambaa, amefungwa mtoto njiti, ngozi kwa ngozi, apate joto la kumkuza. Mwanamume hakuwapo hata mmoja. Sasa alikuwapo huyu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche za moto, ndiyo yaliyompa jina.

"Shoga, kitanda chako ni kile cha kona," Mama Pacha aliendelea. "Tumekuwekea na pazia, maana wewe ndiye mwari."

Baadaye mtu alimnong'oneza Mama Pacha aliko mama wa mtoto. Mama Pacha alinyamaza kutwa nzima, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga. Kesho yake akaanza tena utani, kwa sababu aliona hiyo ndiyo rambirambi pekee ambayo fundi angeweza kuipokea bila kulia.

Mkewe alikuwa ametokwa na damu isiyozuilika. Kabla mtoto hajafikishwa kwenye mizani, mama yake alikuwa ameshaondoka. Mtoto alikuwa wa kike, na nyundo kubwa ya Cheche ilimzidi uzito. Baada ya mtoto kukaa siku kadhaa ndani ya mashine ya kupashia joto, sista mkuu wa wodi alimwita fundi na kumpimapima kifua kwa macho, kama mtu anayekagua mlango kabla ya kuununua.

"Mashine zetu hazitoshi, watoto wanalala wawili wawili," alisema. "Na hata zingetosha, kifua cha mtu ni bora zaidi. Mama hayupo. Bibi yake je?"

Bibi yake, mama mkwe wa Cheche, alikuwapo, lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka, kichwa kilimzunguka akisimama ghafla, na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Ikabaki kifua cha fundi.

Siku ya kwanza mama mkwe alipokuja na chupa ya chai, alimkuta mkwewe kifua wazi. Hapo hapo alichukua kiti, akakigeuza, akaketi akiutazama ukuta.

"Mama, geuka tu," Cheche alisema, uso umemwiva kwa haya. "Sista ndiye aliyeniamuru."

"Nimesikia. Unaendeleaje, baba?"

"Lakini mama, na macho yako hayo, hata ukigeuka utaona nini?"

"Sitaona kitu," mama mkwe alijibu ukutani. "Lakini adabu ninayo."

Basi wakazoea kuongea hivyo, yeye akitazama dari, mama mkwe akitazama ukuta, na mtoto katikati yao akiwa amefungwa kwa kitenge ambacho marehemu alikinunua kwa ajili hiyo hiyo ya kubebea, ila mgongoni, si kifuani.

Siku hiyo hiyo sista alimweleza Cheche jambo lililomfanya tangu hapo asipate tena raha.

"Huyu bado hajaizoea dunia," alisema. "Kuna wakati husahau kupumua."

"Husahau?"

"Husahau. Alikuwa bado ana haki ya kukaa tumboni, na huko hakuna kupumua. Ukiona ametulia kupita kiasi, au midomo inabadilika rangi, msugue mgongo hivi, mpapase nyayo. Mkumbushe. Ataendelea."

Aliyasema kama mtu anayekuagiza ufunge bomba ukimaliza kuoga, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Cheche alibaki ametumbua macho.

Haikuchukua muda akaliona kwa macho yake. Kifua kile kidogo, ambacho mbavu zake zilihesabika kama waya za feni, kilikuwa kikipanda na kushuka haraka haraka. Kisha kikatulia. Cheche alingoja kidogo. Hakikupanda. Midomo ilianza kuwa ya rangi ya majivu. Alimsugua mgongo kwa kidole kimoja, akiogopa ugumu wa kidole chake. Kimya. Akasugua tena, na mtoto akashtuka, akakunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa jambo dogo, akavuta pumzi.

Sista alikuwa amefika na kusimama pembeni. "Umefanya vizuri," alisema. "Ila na wewe, nani amekukataza kupumua?"

Ni kweli. Mafundi wa kuchomelea huzuia pumzi wanapopitisha mshono mwembamba, mkono usitikisike. Cheche alikuwa ameubana mwili mzima kama yuko juu ya geti la mtu.

Tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba hatalala. Akilala, nani atamkumbusha? Sista ana chumba kizima cha kuangalia. Mama mkwe haoni. Akina mama wengine kila mmoja ana wake, na Mama Pacha ana wawili. Kwa hiyo alikaa macho. Alipozidiwa alijifinya paja. Alipozidiwa zaidi alianza kusoma maandishi ya kopo la dawa ya kuoshea sakafu, mbele na nyuma, mpaka akayakariri.

"Omba, mwanangu," mama mkwe alimwambia.

Hapa ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu Cheche hakuwahi kuomba. Si kwamba alikuwa mkaidi. Nyumbani kwao sala ilikuwa kazi ya mama yake, na baadaye ikawa kazi ya mkewe, kama vile kuchomelea kulivyokuwa kazi yake. Jioni mkewe alisali, akiwataja watu wote wa mtaa, wagonjwa, wasafiri, mpaka mwenye duka asiyewapatia chenji kamili, na Cheche, ameinamisha kichwa, akasema amina. Aliisema vizuri, kwa sauti nzito, na aliamini kwa dhati kwamba sehemu yake ilikuwa hiyo. Sasa mwenye maneno alikuwa ameondoka, na amina peke yake haina pa kukaa.

Tena kulikuwa na jambo jingine, lililokuwa limemkaa kooni. Siku moja mchana, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya sakafu, alilitoa.

"Mama. Na siku ile uliomba?"

Kiti hakikugeuka. "Siku ipi?" mama mkwe aliuliza, ingawa alijua.

"Ya mwenzangu."

"Niliomba mpaka magoti yakafa ganzi."

"Sasa?"

Mama mkwe alikaza kifuniko cha chupa ya chai, ambacho tayari kilikuwa kimekazwa. "Sasa nini? Nilimwomba anibakishie mwanangu, hakunibakishia. Kwa nini, sijui. Nimemwuliza, bado ninamwuliza, na siku nyingine ninamwuliza kwa sauti ambayo wewe ukiisikia utaona haya. Lakini nikiacha kusema naye, nitamwuliza nani? Ukuta huu?"

"Huo ukuta umeshasikia mengi, mama, uonee huruma," Mama Pacha alidakia kutoka nje ya pazia.

"Wewe nyonyesha," mama mkwe alimjibu, na chumba kikacheka kidogo.

"Mimi siwezi kumwamini," Cheche alisema taratibu.

"Basi mwambie hivyo."

"Nimwambie Mungu kwamba simwamini?"

"Unadhani atashtuka?"

Cheche hakuomba. Aliendelea kuukodolea macho ule mgongo mdogo, na macho yake yakawa mekundu kama yaliyotazama moto wa kuchomelea bila miwani.

Mwili una mwisho wake. Siku mbili tatu baadaye, mtoto akiwa kwa sista analishwa maziwa kwa mpira mwembamba wa puani, Cheche alikwenda kunawa uso. Alilala akiwa wima. Paji la uso likagonga bomba, na kishindo kikaleta watu.

Sista alimfuta damu. Alipomaliza ndipo aliposema. "Fundi, sikiliza. Mtu asiyelala ni hatari kuliko mtu aliyelala. Kesho utamdondosha. Leo, mbele yangu, ulale naye kifuani. Ukishindwa, ninamrudisha kwenye mashine, alale na mwenzake, na pale wanaambukizana. Chagua."

"Na akisahau nikiwa nimelala?"

"Ninapita kila mara. Lakini siwezi kukuahidi, na sitakudanganya," sista alisema. "Hapa hakuna anayeweza kuahidi pumzi ya mtu."

Wakamfunga mtoto kifuani, wakamwinulia kichwa cha kitanda. Mama mkwe aliketi mahali pake, ameelekea ukutani. Cheche aliweka kiganja juu ya mgongo wa bintiye, na kiganja kilimfunika wote, kuanzia shingoni hadi kwenye nepi. Chini ya mkono huo kulikuwa na moyo uliokuwa ukikimbia kama wa ndege. Kope zake zilikuwa nzito kama bati. Alijua amebakiwa na dakika chache tu kabla mwili haujamwamulia, na hofu iliyompanda hapo ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya mazishi, maana siku ya mazishi mtu hana tena la kupoteza.

Ndipo akafungua mdomo.

"Mungu," alisema, akasita, kama mtu aliyepiga simu akasahau alichotaka. "Ni mimi. Yule wa amina."

Chumba kilikuwa kimya. Hata Mama Pacha.

"Sijui kusema vizuri. Aliyekuwa akijua unaye huko. Sikuelewi. Ninakuogopa, na nina hasira na wewe, mama amesema nikuambie tu. Nilidhani nitamlinda huyu kwa macho. Nimeshindwa. Nikiwa macho siwezi, nikilala siwezi. Alikuwa wako kabla hajawa wangu." Alikivuta kitenge juu kidogo. "Mimi ninalala. Mkumbushe wewe."

Alitaka kuongeza kitu, hakukipata.

"Amina," mama mkwe alisema ukutani.

"Amina," akasema Mama Pacha, bila utani hata chembe. Na nyuma yake mwingine, na mwingine, kitanda hadi kitanda, sauti za wanawake waliochoka, kila mmoja na mzigo wake kifuani. Miaka yote Cheche alikuwa akilitoa neno hilo. Hakuwahi kujua linavyokuwa kwa anayelipokea. Ni kama uko juu sana kwenye ngazi, mikono imeshika kazi, halafu unasikia chini mtu ameishikilia.

Akalala.

Alipoamka jua lilikuwa limeshahama sakafuni na kupanda ukuta wa pili. Mkono wake ulikuwa umeteleza kando wakati wa usingizi, haukuwa tena juu ya mtoto. Aliuinua kwa shida, kama si wake, akaurudisha polepole juu ya kitenge, roho mkononi.

Kilipanda. Kikashuka. Kikapanda.

Sista alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na uso wake haukuwa ule wa kila siku. Mama Pacha alikuwa amelifungua pazia bila ruhusa ya mtu. Na mama mkwe alikuwa amegeuka. Alikuwa ameketi akiwaelekea, macho yake yenye ukungu yamewatazama, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Alisahau," sista alisema.

Cheche alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mama Pacha ndiye aliyeniita. Nilifika, nikamwona ametulia, midomo imeanza kubadilika. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Wewe ukakoroma."

"Kama jenereta ya harusi," Mama Pacha alithibitisha.

"Ukakoroma, kifua chako kikapanda, kikambeba juu, akashtuka, akavuta pumzi. Mimi sikumgusa." Sista alitazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba unapaswa kueleza. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, na vitabuni imeandikwa kwamba kifua cha mzazi kinamsaidia mtoto kupumua. Ninajua sababu zake. Lakini nilisimama hapa nikashindwa kuondoka. Baada ya hapo mlikuwa mnakwenda pamoja. Wewe moja, yeye kadhaa, wewe moja, yeye kadhaa."

Cheche mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amezama usingizini kama jiwe, na bado kifua chake kilifanya kazi ambayo yeye, macho pima, asingeiweza. Nani alikuwa akikipandisha? Aliwaza usingizi wote aliowahi kulala tangu azaliwe, utotoni kwenye mkeka, kwenye benchi la karakana, kando ya mkewe. Kila mara alijiachia, akaondoka, na aliporudi alikuta pumzi inaendelea bila yeye, wala hakuwahi kuuliza ni nani aliyebaki zamu. Alitazama chumba. Pacha wawili walikuwa wanapumua. Mama zao, sista, mama mkwe, mtu aliyekuwa akipita nje na ndoo, wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akijikumbusha.

Akamfikiria mkewe. Pumzi zake pia zilikuwa mkononi mwa huyo huyo, zote, hata ile ya mwisho. Hilo lilimuuma kama lilivyomuuma jana, na hakupata jibu lake. Lakini hofu aliyoisikia sasa haikuwa ile ya kabla ya usingizi. Ilikuwa ya mtu aliyeinua kichwa na kugundua kwamba chumba alichodhani yuko peke yake kina Mwenyewe.

"Mama," alisema.

"Naam, baba."

"Bado nina usingizi."

"Lala," mama mkwe alisema.

Alijiegemeza. Mtoto alisogeza ngumi yake, ndogo kama kifundo cha kamba, akaiweka juu ya kovu moja la zamani la cheche, akaiacha hapo. Cheche alivuta pumzi ndefu, akaona jinsi ilivyomwinua bintiye karibu na kidevu chake. Akafumba macho mwenyewe.