Njia Ukutani

Watu walimwita Mama Brashi, maana kwa miaka ishirini na mitatu hapakuwa na kibanda cha kinyozi wala duka la dawa mtaani kwao ambalo ukuta wake haukupitiwa na brashi yake. Meneja wa bustani ya wanyama alipotaka kuchorewa msitu ndani ya kizimba cha sokwe, hakuhangaika kutafuta mwingine.

"Wageni wanalalamika," alimwambia. "Wakiona saruji tupu wanamwonea huruma."

Ilimchukua siku tisa, sokwe akiwa amefungiwa chumba cha nyuma. Alichora miti, mizizi na ukungu. Katikati, kwa raha ya mkono wake tu, akatia kijia kinachopinda na kupotelea gizani. Msitu ulipozinduliwa, watu walipanga foleni kupiga picha.

Baada ya mwezi alimpeleka dada yake akauone. Wakamkuta sokwe amewapa watu mgongo, anakwaruza ukuta pale njia inapopinda. Kucha zilikuwa zimelika, rangi imeingia damu.

"Ndivyo alivyo tangu siku ile," mtunza wanyama alisema kwa sauti ya chini. "Hata chakula nampelekea hapo hapo."

Dada mtu akacheka kidogo. "Basi umeipatia, mpaka mnyama kaamini." Kisha akamwangalia mwenzake usoni, akaacha kucheka.

Mama Brashi alimwendea meneja kuomba aifute ile njia, akakataliwa. Ikabidi ambembeleze mtunza wanyama amwingize siku ya mapumziko, bustani ikiwa imefungwa. Akaiziba njia kwa shina nene la mti, rangi juu ya rangi.

Sokwe alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja ukutani. Akapapasa shina juu, chini, pembeni. Akanusa. Kisha akageuka, akamkazia macho mwanamke aliyesimama nje ya nondo na kopo mkononi. Alitazama tu, kama mtu aliyeuliza jambo na anangoja ajibiwe.

"Twende, mama," mtunza wanyama alisema.

Sokwe hakukwaruza tena. Alishinda amejikunyata chini ya shina lile, na miezi minne baadaye akafa. Meneja alileta wengine wawili, wadogo, akampigia simu Mama Brashi: safari hii achore mto.

"Nimebanwa na kazi," alijibu. Hakuwa na kazi yoyote.

"Nani huyo?" dada yake aliuliza.

"Kakosea namba."