Vidonge Alivyonificha Mama Mkwe

Miaka ile kila mwenye chumba kando ya barabara pale Bariadi alikuwa anafungua duka la dawa. Nami nilijivuna kwamba dawa ya mama mkwe, ya kuzuia damu kuganda, niliinunua mwenyewe kwenye mojawapo bila foleni. Alikuwa ametoka kulazwa Mwanza kwa damu iliyoganda mguuni, na badala ya kumrudisha kwake Kimali tulimleta kwetu, palipo na basi la kumrudisha Mwanza kupimwa.

Kwa desturi yetu mkwe haangaliwi usoni. Nikiingia, yeye anatoka. Kwa wiki mbili nilimsikia akikohoa tu upande wa pili wa ukuta.

Wiki ya tatu mke wangu akanionyesha mswaki wa mama umejaa damu. Mikononi mama alikuwa na madoa meusi kama ya kipigo, na hakuna aliyemgusa. Niliogopa, nikamfokea mke wangu utadhani yeye ndiye aliyetengeneza dawa. Tukapanda basi, mimi mbele, wao nyuma kabisa.

Daktari alisoma majibu ya damu, akaguna. "Dozi ni ileile. Kuna dawa nyingine anayokunywa, au aliyoacha?"



"Baba watoto, hebu toka nje kidogo," mke wangu akasema. Nikagoma. Ndipo mama akasema, macho sakafuni, kwamba ana kifafa tangu usichana. Vidonge vyake alivimeza hata wodini, kwa siri. Aliviacha siku alipoingia kwangu, nisije nikaviona.

Daktari akaeleza kwamba vidonge vile hupunguza nguvu ya dawa ya damu, kwa hiyo dozi ilipangwa kubwa bila wao kujua sababu. Alipoviacha, ikamzidi. Angevuja damu hadi kufa.

Wakamlaza, wakasimamisha dawa ya damu, wakamrudishia ya kifafa, kisha wakapanga dozi upya huku wakimpima mara kwa mara. Damu ilipoacha kutoka nilicheka peke yangu kwenye korido. Watu wakanitazama, sikujali.

Siku ya kuruhusiwa, mama alimgeukia mke wangu. "Muulize kama sasa atakurudisha kwetu." Kwetu, ukoo ukijulikana una kifafa, posa huvunjika, hata ndoa.

"Mwambie ng'ombe wangu wa mahari wameshazaana kwenu," nikasema. "Nani atawatambua tena?"

Mama akacheka, akainua uso, akanitazama.

"Baba, nipe maji. Nimeze hapahapa."

Nikampa. Akameza vidonge vyake vya kifafa mbele yangu.