Povu la Zizi la Baba

Miaka kumi na mmoja nimechoma mboji, ule weusi wa samadi na majani yaliyooza, kwenye maabara ya udongo, Shinyanga, ili wakubwa wapime mchanga na mfinyanzi mtupu. Unamimina dawa ya peroksaidi kwenye bika, gilasi ya maabara yenye udongo, unapasha moto, povu linapanda hadi mboji iishe. Ukienda hata chooni, linamwagika. Basi unasimama hapo kama ndama kwenye kamba, vidole vimebabuka vyeupe.

Nimeomba uhamisho mara tatu. "Herman, nani mwingine anajua povu limekwisha?" mkuu wangu hunijibu, eti ananisifu!

Juzi sampuli moja ilitoa povu tangu asubuhi hadi alasiri. Nikaivuta karatasi yake kwa hasira, nikasoma: Kishapu, mahame ya Mzee Masanja. Huyo ni baba yangu. Mwaka sabini na nne walimhamishia kijiji cha ujamaa, zizi likabaki nyuma na samadi ya miaka arobaini.

"Bado linapanda?" mkuu akauliza. "Ongeza dawa."

Nikaongeza. Saa kumi na moja udongo wa baba ulitulia, umepauka kama vidole vyangu. Kwenye daftari nikaandika: safi.